Una wafuasi wachache? Hivi ndo unapata kolabo yako ya kwanza na brandi

Maswali ni yale yale kila wiki. "Dada nina wafuasi 1,500, naanzaje kupata kolabo?" Au "wamenitumia mafuta ya nywele wanataka niposti, niwadai sh ngapi?" Kolabo ni pale brandi, yaani kampuni au duka, inakupa kazi ya kutangaza bidhaa yake kwenye ukurasa wako. Nimeshajibu mmoja mmoja mpaka nikaona bora niandike mara moja kwa kirefu, ukiulizwa na mwenzio unamtumia hii. Mimi natengeneza video za mapishi, niko Tabata, kwa hiyo mifano yangu mingi itatoka jikoni na itatoka Dar, ila kama unafanya mitindo, kilimo, simu au malezi hatua ni hizi hizi.

Kitu cha kushika kabla ya vyote: brandi hainunui idadi ya wafuasi, inanunua watu wanaokuamini ukisema kitu. Duka la viungo pale Kariakoo halina shida na watu laki mbili waliotawanyika dunia nzima, linataka akina mama 40 wa Tabata, Sinza na Mbagala watakaotuma boda kuchukua mzigo leo. Hao 40 hata mwenye wafuasi 1,500 anaweza kuwa nao. Ndo maana nakwambia usisubiri ufike elfu kumi.

Uwe na hivi kwanza

- Simu yenye kamera inayoeleweka na stendi. Mwanga wa dirishani saa tatu asubuhi unatosha, ring laiti utanunua baadaye.
- Akaunti moja inayojulikana inahusu nini, yenye angalau posti 15 hivi za mada hiyo hiyo.
- Barua pepe ya kazi. Jina lako au jina la ukurasa, sio ile ya zamani uliyofungua shuleni.
- Namba ya NIDA na TIN (namba ya mlipakodi). TIN ni bure, unaiomba kwenye tovuti ya TRA kwa namba ya NIDA, usimpe mtu hela akufanyie.
- Akaunti ya benki au laini ya pesa iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Kampuni nyingi hazilipi kwenye namba ya shemeji.
- Daftari. Kweli kabisa, daftari, utaona kazi yake mbele.

Kama ukurasa wako unatoa habari na matukio, suala la leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) limalize kabla hujaanza kuuza matangazo.

Hatua ya 1: Safisha ukurasa

Mtu wa brandi akifungua profaili yako anakaa sekunde chache tu. Aone picha ya uso wako, mstari mmoja unaosema unafanya nini na uko wapi ("Mapishi ya nyumbani ya bei ya kawaida, Dar"), na barua pepe. Basi. Zile posti za ugomvi wa mwaka juzi zifiche.

Hatua ya 2: Geuza akaunti iwe ya kitaaluma afu ujue namba zako

Kwenye Instagram nenda mipangilio, badili akaunti iwe ya krieta au ya biashara, ni bure. Fanya leo hata kama kolabo ni za mwakani, maana takwimu zinaanza kuhesabiwa siku unayobadili, huwezi kurudi nyuma kuchukua za mwezi uliopita.

Sasa angalia vitu vitatu: watu wako wako miji gani, umri gani, na posti zako zinawafikia wangapi. Afu piga hesabu ya mwitikio, yaani jumlisha laiki, komenti na waliohifadhi, gawa kwa idadi ya wafuasi, zidisha kwa 100. Mfano una wafuasi 2,400 na posti yako imepata 190 kwa jumla, hiyo ni karibu asilimia 8, ni namba nzuri ya kuiweka mbele ya mtu. Usichukue posti moja iliyobahatika, chukua 10 za mwisho utafute wastani.

ANGALIA: usinunue wafuasi. Brandi ikikuomba skrinishoti ya miji ya wafuasi wako na inaonyesha nchi ambazo hata Kiswahili hawajui, umeshajimaliza, na wale watu wa mashirika ya matangazo wanaambiana.

Hatua ya 3: Tengeneza video tatu za bidhaa unazotumia kweli, bila kulipwa

Hapa ndo wengi wanaruka na hapa ndo kazi ilipo. Fungua kabati lako uone nini unatumia kila siku kwa hela yako. Mimi nilianza na bizari ya pilau ya pakti, unga wa ngano wa chapati na sufuria moja isiyoshika. Sikumwomba mtu ruhusa, nilipika tu nikaonyesha pakti, nikasema bei niliyonunulia na duka nilikonunua, na nikasema pia kilichonikera (ile pakti ikifunguliwa haifungiki tena, inabidi uhamishie kwenye kopo). Watu wakaanza kuuliza "inapatikana wapi?" Zile komenti nilizipiga skrinishoti zote nikaziweka kwenye folda moja, na kila ukiulizwa hivyo andika kwenye lile daftari, tarehe na idadi. Huo ndo ushahidi wako, una nguvu kuliko idadi ya wafuasi.

Hatua ya 4: Media kiti ya ukurasa mmoja

Media kiti ni karatasi ya kujitambulisha kwa brandi. Fungua Canva (programu ya kutengeneza picha na kurasa) kwenye simu, ukurasa mmoja tu, PDF. Weka picha yako, mada yako, zile namba za hatua ya 2, linki za video tatu, skrinishoti moja ya komenti za "wapi?", na mawasiliano. Bei usiiweke humo. Bei unaitoa ukishajua wanataka nini.

Hatua ya 5: Andika orodha ya biashara 20, na anza na za karibu

Kosa la wanaoanza ni kuandikia makampuni ya simu na mabenki siku ya kwanza. Hao wanapitia mawakala, wana bajeti za mwaka, na barua yako inalala. Anza na mwenye duka anayejibu DM mwenyewe: anayesaga viungo, anayeshona vitenge, mwenye saluni, mgahawa mpya mtaani, anayeuza asali kutoka Tabora. Kati ya 20, weka 15 wa hivyo na 5 wakubwa kidogo.

Sabasaba itumie. Kuanzia mwisho wa Juni mpaka katikati ya Julai pale viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa wenye viwanda wadogo wanasimama wenyewe kwenye mabanda yao, unamsalimia mtu uso kwa uso, unaonja bidhaa, unachukua namba, unamwonyesha video zako palepale kwenye simu. Mikoani kuna Nanenane mwezi wa Agosti, hivyo hivyo. Siku moja ya kuzunguka mabanda inaweza kukupa majina kuliko mwezi mzima wa DM.

Na angalia kalenda. Anayeuza viungo na tende anapanga mambo yake kabla ya Ramadhani, wa sare na madaftari anafikiria Januari. Ukimtafuta wiki ya mwisho hela imeshatumika.

Hatua ya 6: Tuma ujumbe unaojibika

"Habari, naomba kolabo" hauna jibu. Mimi natumia mfumo huu, ubadilishe uwe wako:

"Habari za asubuhi kaka. Natengeneza video za mapishi ya nyumbani, niko Tabata. Bizari yenu ya pilau naitumia tangu Ramadhani iliyopita, na video niliyopika nayo Jumapili imeonwa na watu 3,100, watu 46 wameuliza wanaipata wapi, nimekuwekea picha ya komenti hapo chini. Nimeona mmeanza kutoa pakti ndogo, nina wazo la video mbili fupi, pilau ya watu wanne kwa pakti moja na nyama ya kukausha, zitoke wiki mbili kabla ya Idi. Nikutumie bei?"

Ona huyu mtu hana cha kufikiria sana, anajibu "nitumie" au "hapana". Tuma asubuhi siku za kazi, sio Jumamosi usiku. Asipojibu kumbusha mara moja baada ya siku tano, ukiwa na kitu kipya cha kumwonyesha, afu mwache. Andika kwenye daftari: nani, lini, alisema nini.

Hatua ya 7: Bei

Hapa ndo penye maswali mengi kwa hiyo tukae kidogo. Usiulize "wengine wanachaji sh ngapi", anza na gharama zako mwenyewe. Video yangu moja ya sekunde 40 iko hivi: vitu vya kupikia 14,000, boda na nauli 5,000, bando 3,000, gesi 2,000. Hiyo ni 24,000 imetoka mfukoni kabla sijahesabu jasho. Muda, kuanzia sokoni mpaka kumaliza kuhariri, ni saa 7. Nikijilipa 5,000 kwa saa ni 35,000. Jumla 59,000. Kwa hiyo mtu akiniambia "tunatoa elfu thelathini" anataka nimlipe mimi ili nimfanyie kazi.

Hiyo 59,000 ndo sakafu. Juu yake unaongeza kwa ajili ya watu wako (kuaminiwa kwako kumechukua miezi), na unaongeza TOFAUTI kwa vitu hivi:

- Wakitaka kuitumia video yako kwenye matangazo yao ya kulipia. Hii ina bei yake, kwa siku 30, sio milele.
- Wakitaka usifanye na washindani wao. Wanakufungia mlango, walipie mlango.
- Wakitaka kwa haraka, kesho kutwa.
- Wakitaka video ghafi ambayo hujaihariri.

Ukitaja bei nyamaza. Usianze kujipunguzia kabla hajasema kitu. Akisema ni kubwa usishushe bei peke yake, punguza kazi: "sawa, kwa hiyo bajeti nafanya video moja bila stori."

Je, mzigo wa bure? Sikatai moja kwa moja. Pokea kama ni kitu ambacho ungekinunua kwa hela yako, thamani yake inazidi gharama zako, na kazi ni moja iliyoandikwa mwisho wake. Sabuni ya 3,500 kwa video tatu, hapana. Na ule msemo wa "tutakutangaza kwenye ukurasa wetu" haulipi bando.

Kodi nayo iweke akilini. Tangu Sheria ya Fedha ya 2024, kampuni ikimlipa mtengeneza maudhui ya kidijitali wa hapa Tanzania inazuia asilimia 5 na kuipeleka TRA. Yaani mkikubaliana 200,000 unapokea 190,000. Usigombane nao, waombe tu cheti cha kodi iliyozuiwa, kihifadhi, utakihitaji ukifanya ritani (hesabu ya mapato yako unayopeleka TRA). Wasomaji wa Kenya nanyi mna 5% yenu iliyoletwa na Sheria ya Fedha ya 2023, kule utaombwa PIN ya KRA.

Hatua ya 8: Maandishi kabla ya kamera

Mwaka wangu wa kwanza duka moja la vyombo vya umeme lilinipa blenda. Tulikubaliana kwa simu, video moja. Nikaposti, wakafurahi. Wiki iliyofuata wakaomba nyingine "ndogo tu", afu nyingine, afu siku moja napita dukani kwao naona sura yangu iko kwenye bango la mlangoni, nimeshika ile blenda, na kwenye matangazo yao ya mtandaoni nilikaa karibu miezi mitano. Niliumia sana. Na sikuwa na hata meseji moja ya kuonyesha tulikubaliana nini, kwa hiyo sikuwa na pa kuanzia.

Tangu siku hiyo siwashi kamera bila maandishi. Haihitaji mwanasheria, ujumbe wa WhatsApp unatosha kwa dili ndogo, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua makubaliano ya kielektroniki. Andika hivi:

"Tumekubaliana: video 1 ya sekunde 30 hadi 45 na stori 3, kwenye Instagram na TikTok yangu, tarehe 12. Mnaweza kuiweka kwenye kurasa zenu kwa siku 30, sio kwenye mabango wala matangazo ya kulipia. Marekebisho mara 1 kabla ya kuposti. Jumla 150,000, nusu leo, nusu ndani ya siku 3 baada ya kuposti. Ukikubali naomba ujibu NAKUBALI."

Akijibu, piga skrinishoti, tuma kwenye barua pepe yako. Kishika uchumba cha nusu usione aibu kukiomba, fundi cherehani anakiomba, fundi sofa anakiomba, na wewe ni fundi. Kampuni kubwa zina utaratibu wao, wengine wanalipa siku 30 au 60 baada ya ankara, hapo huwezi kuwabadilisha ila ujue mapema ili usikope hela ya viungo ukitegemea malipo ya wiki hiyo.

ANGALIA, na hii naisema kwa uzito wote. Kuna bidhaa usiziguse hata wakikupa milioni:

Krimu za kung'arisha zisizo na lebo inayoeleweka. Zebaki na hydroquinone (kemikali ya kung'arisha ngozi) ni sumu kwa ngozi na mwili, na anayezipaka ni yule binti wa miaka 17 anayekuamini. Vipodozi uliza uthibitisho wa TBS (shirika la viwango). Dawa, za kupunguza tumbo, za nguvu, za uzazi, hizo matangazo yake yanatakiwa kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), asipokuonyesha kibali kataa. Programu za mikopo ya simu, angalia kwanza kama zina leseni ya Benki Kuu (BoT). Novemba 2024 BoT ilitoa orodha ya programu 69 zisizo na kibali. Na chochote kinachosema weka hela leo kesho inazaa, achana nacho. Fedha ya tangazo utaimaliza ndani ya mwezi, ila jirani aliyepigwa kwa sababu ya video yako mtakutana kila siku bombani.

Hatua ya 9: Piga kazi, na useme wazi ni tangazo

Bidhaa ikifika itumie siku kadhaa kwanza kabla ya kurekodi. Ikiwa mbovu warudishie na uwaambie kwa heshima kwa nini. Ukirekodi, ongea kama unavyoongea siku zote, usisome maneno ya brifu (maelekezo waliyokutumia) kama taarifa ya habari, watu wako watakushtukia sekunde ya pili.

Weka ile alama ya ushirikiano wa kulipwa, Instagram na TikTok zote zinayo, na kwenye kapsheni andika "tangazo". Wengi wanaogopa kwamba watu watakimbia. Kwangu hawajakimbia, wanaokimbia ni wale wanaogundua baadaye kwamba uliwaficha.

Muziki: wimbo unaovuma TikTok usiuweke kwenye video ya brandi. TikTok ina maktaba yake ya sauti za biashara kwa kazi za kulipwa, chagua humo au tumia sauti yako na mlio wa jikoni. Kitunguu kikiingia kwenye mafuta ya moto kinajitangaza chenyewe.

Hatua ya 10: Ripoti na ankara

Siku ya saba baada ya kuposti watumie skrinishoti za takwimu hata kama hawajaomba: walioona, waliohifadhi, walioshea, komenti tano nzuri, na maswali watu waliyouliza. Ankara iwe na jina lako, TIN, kazi iliyofanyika, kiasi, tarehe ya mwisho ya kulipa na namba ya kulipia. Wengi hawafanyi hii ripoti, na dili zangu nyingi za pili zimekuja baada ya ripoti, sio baada ya video.

Ukikwama

*Nimeandikia 20 hakuna aliyejibu.* Rudi hatua ya 3. Karibu kila mara tatizo ni kwamba ujumbe hauna ushahidi, au unaandikia wakubwa mno. Badilisha biashara 10, usitume ujumbe ule ule kwa watu wengine.

*Wanasema hawana bajeti sasa.* Uliza lini wanapanga bajeti, andika tarehe kwenye daftari, warudie. Usifanye bure ili "wakuone".

*Wanataka marekebisho yasiyoisha.* Watumie ule ujumbe wa NAKUBALI, sehemu ya marekebisho mara 1, na bei ya kila rekebisho la ziada. Bila kugombana.

*Video haijafika watu.* Waambie mapema wewe mwenyewe kabla hawajauliza, ongeza stori moja yenye swali au posti tena kipande kilichofanya vizuri. Usiahidi idadi ya watazamaji kwenye makubaliano, ahidi kazi na tarehe, hivyo viwili ndo viko mikononi mwako.

*Wameniambia nitume 20,000 ya usajili au ya kusafirisha zawadi nitumiwe dili.* Ni matapeli. Brandi ndo inakulipa wewe. Na kiungo chochote cha "ingia hapa na nywila yako ili tuunganishe kolabo" usikifungue, washa uthibitisho wa hatua mbili leo hii, nimeona mtu akipoteza ukurasa wa miaka minne kwa kiungo kimoja.

*Hawalipi.* Siku ya kwanza baada ya tarehe kupita, kumbusha kwa upole na ankara tena. Siku ya saba piga simu, ongea na mhasibu, sio yule kijana wa mitandao ambaye hana uwezo wa kulipa. Ikifika wiki tatu andika barua pepe rasmi ukiambatanisha makubaliano, na uwataarifu kwamba ruhusa ya kutumia video yako imesimama mpaka walipe. Kwa dili ndogo hii barua ya mwisho imeshanilipia mara mbili. Wasipolipa hata hapo, iondoe video, na jina lao liandike ukurasa wa mwisho wa daftari ili mwakani wakirudi na mtu mpya wa matangazo ukumbuke kudai hela yote kabla ya kununua hata kitunguu.